Mtunzi anapoacha nafasi wazi

Nota ya In C, kazi ya mtunzi Mmarekani Terry Riley, haizidi ukurasa mmoja. Ina vipande 53 vilivyopewa namba, na kila mpigaji anavipitia kwa mpangilio, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Kipande unakirudia kadiri unavyotaka, ukishiba unahamia kinachofuata. Ala ni yoyote. Wapigaji ni wowote, ingawa Riley alipendekeza wawe kama 35. Muda ni dakika 45, saa moja na nusu, mtakavyojaaliwa. Kila ninapowapa wanafunzi karatasi ile, swali la kwanza ni lilelile: "Mwalimu, kwa hiyo tunajitungia wenyewe?"

Mara ya mwisho tulikuwa kumi na mmoja kwenye chumba cha juu chenye feni mbovu: fidla tatu, ganuni (ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab), akodiani, filimbi, magitaa, na mimi kwenye piano nikigonga Do mbili za juu kabisa bila kupumzika. Mgongo huo ndio unaowashika wote. Wazo lake lilitoka kwa mtunzi mwenzake Riley, Steve Reich, ambaye alikuwa mmoja wa wapigaji wa onyesho la kwanza, San Francisco, Novemba 1964. Bila Do zile watu hutawanyika kama kuku.

Dakika kumi za mwanzo zilikuwa vurugu. Kila mtu alitaka asikike. Halafu tukafika namba 14. Waliokulia kwenye kwaya za solfa watanielewa: ndipo "fi", yaani fa iliyopandishwa nusu toni, inapoingia kwa mara ya kwanza, kwa noti ndefu, baada ya vipande vingi vya "fa" ya kawaida. Kijana wa ganuni ilibidi ainamie vile vishikizo vidogo vya shaba na kuvipandisha kimoja kimoja, huku wenzake wameshatangulia. Kwa hiyo kwa muda hivi "fa" na "fi" zilikuwa zinagongana hewani, na badala ya kuudhi, chumba kizima kikageuka rangi. Fidla mbili zilinyamaza bila kuambiwa. Yule wa akodiani, ambaye alikuwa mbele sana, akarudi kusubiri, maana sharti la Riley ni kwamba usiwaache wenzako kwa zaidi ya vipande viwili vitatu.

Hakuna aliyebuni noti hata moja hapo. Walichobuni ni lini waingie, lini wanyamaze, wapige kwa nguvu gani na wamsubiri nani. Kwangu mimi huo ni ubunifu wa papo hapo kamili, ila umefungiwa kwenye wakati na usikivu, noti zenyewe zikiwa haziguswi.

Nasisitiza hili kwa sababu watu huchanganya mambo mawili: kazi inayomwachia mpigaji uamuzi, na kazi inayomtaka abuni. Mtunzi Mmarekani John Cage aliandika kazi nyingi zilizojaa uamuzi wa kubahatisha, lakini ubunifu wa papo hapo hakuupenda, kwa hoja kwamba mtu akiachiwa hucheza yale yale yaliyomzoea vidoleni. Hoja hiyo inaniuma kwa sababu ni kweli. Mtunzi Witold Lutosławski wa Poland alisikia redioni Concert for Piano and Orchestra ya Cage mwaka 1960, na mwaka uliofuata akatoa Jeux vénitiens. Humo kuna sehemu ambazo kila mpigaji anakwenda kwa mwendo wake bila kumfuata jirani, kondakta akitoa ishara za kuanza na kuacha tu. Sauti inayotoka ni kama soko la asubuhi ukilisikiliza kwa mbali. Ila kila noti imeandikwa, na Lutosławski hakutaka mtu aongeze lake. Naipenda sana kazi ile, lakini mpigaji ndani yake ni tone la mvua. Mvua ni ya mtunzi.

Zamani haikuwa hivi. Mozart alikaa kwenye piano yake na kubuni kadenza, ile sehemu ya mpigaji peke yake ndani ya konseto, mbele ya watu. Beethoven naye alisifiwa Vienna nzima kwa kubuni, lakini kwenye konseto yake ya tano ya piano, ya 1809, akaandika kabisa kwamba kadenza isipigwe hapa, endelea moja kwa moja. Nikiuona mstari ule huwa naona mtu anafunga mlango kwa komeo.

Aliyeufungua kwa namna ninayoipenda kuliko zote ni Frederic Rzewski, Mmarekani aliyeishi Ulaya sehemu kubwa ya maisha yake na kufariki Italia mwaka 2021. Kazi yake ya 1975, The People United Will Never Be Defeated!, ni ya piano peke yake, karibu saa nzima, imejengwa juu ya wimbo wa mapambano wa Chile uliotungwa na Sergio Ortega na kundi la Quilapayún. Kuna mageuzi 36 ya wimbo huo, katika mafungu sita ya sita sita, na geuzi la sita katika kila fungu linakusanya yale matano yaliyotangulia. Hesabu kali kama ya mhasibu. Mpigaji anapiga mluzi, anabamiza kifuniko cha piano. Halafu, baada ya geuzi la 36, kabla wimbo wenyewe haujarudi, Rzewski anaacha nafasi: ukipenda, buni hapa.

Angeweza kuiweka popote. Ameiweka pale ambapo umekwisha kusema maneno ya mwenzio kwa karibu dakika hamsini, mikono imechoka, na kila kitu ulichopiga bado kinakuzunguka kichwani. Huwezi kuingia hapo na mbwembwe zako za nyumbani, zitajulikana tu. Wapo wapiga piano wakubwa wanaoiruka nafasi hiyo, na nota inawaruhusu. Marc-André Hamelin haiiruki, na ukisikiliza rekodi yake utasikia mtu anayefikiri kwa sauti.

Mimi niliipiga kazi ile mara moja hadharani, na nafasi ile sikuiruka. Nilijiamini kwa sababu nimelelewa na taksimu, yaani utangulizi wa ala moja unaobuniwa papo hapo. Ami yangu alikuwa mpiga ganuni wa taarab Unguja, na usiku wa harusi nilikaa nyuma yake nikimwona anavyopiga peke yake kabla ya wimbo, bila nota, akiwaingiza watu taratibu kwenye makamu, yaani ngazi ya noti, ya wimbo unaokuja. Alitembea mbali, makamu hii hadi ile, lakini mwimbaji alipofungua mdomo sauti yake ilikuta pameshatandikwa. Akinifundisha alikuwa na neno moja: "Tembea utakako, ila usisahau ulipovua viatu."

Basi jioni ile nikaanza vizuri. Nikachukua noti tatu za mwanzo wa wimbo, nikazigeuzageuza chini, nikapita kwenye makamu ya hijazi kidogo, watu wakatulia. Hapo nikanogewa. Hijazi ikanivuta, nikahamia kwingine, na nilipotaka kurudi kwenye Re ndogo, ambako wimbo unasubiri, nikajikuta nusu toni juu yake sina daraja. Nilizunguka, nikazunguka tena. Mwishowe nikanyanyua mikono, nikahesabu moja mbili kimoyomoyo, nikaanza wimbo kama mtu aliyeingia chumba cha jirani kwa makosa.

Waliohudhuria walipiga makofi, na mmoja akaniambia ukimya ule ulikuwa wa kisanii. Nikamtumia ami rekodi. Alisikiliza yote, saa nzima, mzee wa watu, kisha akapiga simu.

"Viatu umevikumbuka, mwanangu," alisema. "Ila umetoka na vya mwenzio."