Alkebulan si jina la kale la Afrika

"Mwalimu, mbona hamtufundishi kwamba Afrika iliitwa Alkebulan kabla wazungu hawajatubadilishia jina?" Nafundisha historia, na swali hili linanifuata kila mahali. Wanafunzi wananiuliza darasani, watu wazima waliosoma wananiuliza harusini, na kwenye WhatsApp linaletwa na picha ya ramani na alama za mshangao. Anayeuliza hana nia mbaya. Anaipenda Afrika, na ana haki ya kukasirishwa na jinsi wengine walivyoiandika. Lakini anachoambiwa akiamini si kweli, na nimechoka kukisahihisha kwa vipande vipande.

Hakuna maandishi ya kale ya Waafrika yanayoliita bara hili Alkebulan. Anza na Misri, ambako watu waliandika kwenye mawe na mafunjo kwa zaidi ya miaka elfu tatu. Nchi yao waliiita Kemet. Jirani wa kusini walimwita Kush, na baadhi ya watu wa jangwa la magharibi waliwaita Libu. Nchi ya ubani na manemane waliyoiendea kwa merikebu waliiita Punt. Malkia Hatshepsut aliagiza safari ya Punt ichorwe kwenye kuta za hekalu lake, Deir el-Bahri, na michoro ingalipo: merikebu zinapakiwa, miti imebebwa na mizizi yake ndani ya vikapu, mke wa mtawala wa Punt amesimama na mwili wake mzito. Watu na nchi wametajwa kwa majina. Alkebulan haimo.

Shuka Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia na Eritrea ya leo. Katika karne ya 4 mfalme Ezana alichongesha kwenye mawe orodha ya nchi alizojitangaza kuwa mtawala wake, pande zote mbili za Bahari ya Shamu. Haimo. Njoo pwani yetu. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 unaiita pwani hii Azania na kuitaja bandari ya Rhapta. Msafiri Mwarabu Al-Masudi, karne ya 10, anaandika nchi ya Zanj. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, anaandika Sawahil na Zanj. Hawa ni watu waliopenda majina, wakiuliza kila bandari inaitwaje na mfalme wake ni nani. Kama bara zima lilikuwa na jina moja kinywani mwa watu wake, lingewapitaje wote?

Neno lenyewe nalo linajisema. Wanaolisambaza wanadai maana yake ni "mama wa wanadamu" au "bustani ya Edeni". Msomaji aliyepita madrasa ajijibu mwenyewe: ndani ya neno hilo umm, yaani mama, iko wapi, na janna, yaani bustani, iko wapi? Na ile "al" ya mwanzo inasikika Kiarabu wazi, lugha iliyoenea kaskazini mwa Afrika kuanzia karne ya 7. Jina la Kiarabu haliwezi kuwa jina kongwe kuliko yote katika bara ambalo Wamisri walikuwa wameandika habari zake kwa milenia kadhaa kabla ya hapo.

Limetoka wapi basi? Hapa ndipo watu huninunia. Utalikuta katika vitabu vya jiografia vya Ulaya vya karne ya 17, waandishi wakidai kwamba ndivyo wenyeji fulani wanavyoliita bara, bila kuonyesha walilisikia kwa nani. Kwa hiyo jina linaloshikwa kuwa la kabla ya wazungu, ushahidi wake tulio nao umo kwenye vitabu vya wazungu. Katika karne ya 20 lilienezwa zaidi na Yosef ben-Jochannan, mhadhiri wa New York aliyefariki mwaka 2015, na kutoka kwake likaingia kwenye fulana, nyimbo na mitandao.

Kinachoniudhi zaidi ni kumtwisha Cheikh Anta Diop, mwanahistoria wa Senegal, mzigo huu. Kuna nukuu inayozunguka ikidai kwamba Diop aliandika habari za Alkebulan katika kitabu kiitwacho Kemetic History of Afrika. Diop hakuandika kitabu hicho. Vitabu vyake vinajulikana, tangu Nations nègres et culture cha mwaka 1954 hadi Civilisation ou barbarie cha mwaka 1981, na aliviandika kwa Kifaransa. Huyu ni mtu aliyeanzisha maabara ya kupima umri wa vitu vya kale kwa kaboni pale Dakar, kwa sababu alitaka hoja ya Mwafrika isimame juu ya ushahidi. Kumtungia maneno ni kumdhulumu.

Na ile ramani, ile yenye kusini juu na kaskazini chini, mnayoitumiana kama ushahidi. Isomeni kwa utulivu. Imeandikwa Alkebu-lan 1260 AH. Mwaka 1260 wa Hijria ni 1844. Ilichorwa na msanii wa Sweden, Nikolaj Cyon, katika karne hii tuliyomo, akiwazia Afrika ingekuwaje mwaka huo wa 1844 kama tauni ingeifyeka Ulaya na ukoloni usitokee. Ni kazi nzuri ya ubunifu, na mwenyewe hakuificha kuwa ni ubunifu. Wanafunzi wangu nawawekea sharti moja kwa kila dai la namna hii: nani kaandika, wapi, mwaka gani. Dai lisilojibu hayo matatu halikanyagi daftarini.

Cha kusikitisha ni kwamba katika kulitetea Alkebulan tunatupa jina ambalo kwa ushahidi uliopo limetokana na Waafrika. Warumi waliwaita wenyeji wa eneo la Karthago, yaani Tunisia ya leo, Afri. Mmoja akawa Afer. Mtunzi wa tamthilia Terentius, aliyeletwa Roma utumwani kutoka Karthago na kufariki yapata mwaka 159 KK, alijulikana kwa jina la Publius Terentius Afer. Yaani wenyeji walikuwa na jina hilo kabla jimbo la Afrika halijakuwapo. Roma ilipoiteketeza Karthago mwaka 146 KK, ardhi iliyoichukua ikaitwa Africa, nchi ya Afri. Ilikuwa kipande kidogo tu cha kaskazini mashariki mwa Tunisia, na mpaka wake ulikuwa handaki. Julius Caesar akaongeza jimbo la pili mwaka 46 KK, pakawa na Afrika ya Zamani na Afrika Mpya. Huko Tunisia yamepatikana mawe ya mpaka ya enzi za Kaisari Vespasianus, karne ya 1, yaliyochongwa kwa Kilatini kwamba hapa ndipo mpaka wa jimbo jipya na la zamani, palipokuwa na handaki la mfalme. Jiwe la namna hiyo lina mwaka, lina mahali, lina aliyeamuru. Ndio ushahidi ninaoudai.

Mabishano ya kweli ya wataalamu yako nyuma ya hapo: hao Afri walipataje jina lao? Wapo wanaolihusisha na ifri, neno la pango katika Kiamazigh, lugha ya Waberberi. Wapo wanaotaja neno la vumbi katika Kifoinike, lugha ya walioijenga Karthago. Mimi naegemea upande wa Kiamazigh kwa kuwa ni lugha ya wenyeji, ila siwezi kumfelisha mwanafunzi anayeutetea ule mwingine.

Wala si aibu kwamba hatukuwa na jina moja la bara zima. Asia nayo ilikuwa jina la upande wa magharibi wa Uturuki ya leo, na Warumi walikuwa na jimbo la Asia pale pale. Mchina na Mhindi hawakujiita Waasia. Kabla bara halijazungukwa na kuchorwa lote, nani angehitaji jina lake?

Madai mengine kuhusu jina la Afrika hayahitaji maneno mengi.

Kwamba tulipewa jina na wakoloni kwenye mkutano wa Berlin wa 1884: mwandishi Mrumi Plinius, aliyekufa volkano ya Vesuvius ilipolipuka mwaka 79, tayari anaandika kwamba Wagiriki waliiita Afrika Libya. Na hiyo Libya nayo inatokana na wale Libu wa maandishi ya Misri.

Kwamba jina limetokana na jemadari Scipio Africanus: ni kinyume. Alimshinda Hannibal, jemadari wa Karthago, huko Zama mwaka 202 KK, akapewa sifa ya Africanus kwa sababu alishinda Afrika.

Kwamba limetokana na Leo Africanus: huyo ni msafiri na mwandishi al-Hasan al-Wazzan, mzaliwa wa Granada, aliyetekwa na maharamia mwaka 1518 na kubatizwa Roma. Jina lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,600.

Kwamba maana yake ni nchi ya jua, au nchi isiyo na baridi: maelezo ya kubahatisha, yaliyotungwa jina likiwa limeshazeeka kwa karne nyingi.

Kwamba ni mfalme wa Yemen, Ifriqish, aliyeivamia nchi na kuiachia jina lake: hili hupenda kuletwa na wazee, na nawajibu kwa mwanahistoria Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliyeandika mwaka 1377. Alisema njia ya jeshi kutoka Yemen hadi Maghreb inapita Suez, penye nchi kavu ya mwendo wa siku mbili tu kati ya bahari na bahari. Jeshi kubwa lisingepita hapo bila kwanza kuwashinda Wakanaani na Wakopti, yaani Wamisri wa kale, waliozishika nchi hizo, na hakuna habari yoyote kwamba wafalme wa Yemen waliwahi kupigana nao.