Ishara za sukari kwenye mimea ni nini?

Ishara za sukari ni namna mmea unavyosoma kiasi cha sukari kilichomo ndani ya seli zake, kisha ukaamua la kufanya: utoe tawi, urefushe mzizi, uchanue maua, au usubiri kwanza. Shuleni wengi tulipewa nusu moja tu ya habari hii. Jani linapata mwanga, linavuta kaboni dioksaidi, linatengeneza sukari, sukari inaliwa. Ni kweli kabisa. Ila sukari hiyohiyo, kabla haijaliwa na hata isipoliwa, ni taarifa.

Fikiria mita ya LUKU. Umeme ndio unaopiga pasi na kuwasha feni, lakini zile yuniti unazozisoma kwenye kioo ndizo zinazokufanya uzime feni usiku wa manane. Kutumia ni jambo moja, kusoma salio ni jingine. Mmea nao una mita zake, tena si moja.

Iliyochunguzwa kwa muda mrefu ni kimeng'enya kiitwacho heksokinesi. Kazi yake ya kila siku ni kuishika glukosi na kuibandika fosfeti, hatua ya kwanza ya kuivunja ili itoe nguvu. Sasa, seli ikibadili mwenendo wake baada ya kupata glukosi, imehisi nini hasa? Glukosi yenyewe, au nguvu iliyotokana na kuvunjwa kwake? Mwaka 2003 kundi la mtafiti Jen Sheen, huko Boston, Marekani, lilitoa jibu kwa njia ya kijanja. Walichukua Arabidopsis, mmea mdogo wa ukoo wa kabichi unaopendwa sana na maabara, ambao haukuwa na heksokinesi yake ya kawaida. Wakaurudishia heksokinesi iliyoharibiwa makusudi, isiyoweza tena kubandika fosfeti. Kimeng'enya hicho hakikuweza kuvunja sukari, lakini kiliendelea kuihisi: glukosi ilipozidi, jeni za usanisinuru zilipunguzwa kasi kama kawaida. Kula na kusoma vikawa vimetenganishwa mezani, waziwazi. Kwangu mimi hilo ndilo jaribio linaloifanya dhana nzima ieleweke.

Na kwa nini jeni za usanisinuru zipunguzwe kasi? Kwa sababu jani lililojaa sukari isiyochukuliwa halina sababu ya kugharamia mitambo zaidi ya kuitengeneza.

Mita ya pili inahusu sukrosi, ambayo ndiyo sukari ya muwa na ndiyo hiyo ya kwenye chai. Katika mimea mingi sukrosi ndiyo inayosafiri, ikitoka kwenye majani kupitia mirija ya floemu hadi kwenye mizizi, matunda na ncha zinazokua. Pembeni yake mmea hutengeneza kiasi kidogo mno cha sukari nyingine, trehalosi-6-fosfeti. Ni kidogo kiasi kwamba hakifai kuwa chakula cha chochote. Sukrosi ikipanda, nayo hupanda. Ikishuka, nayo hushuka. Kazi yake ni kutoa habari tu.

Habari hizo hupokelewa na protini nyingi, lakini mbili zinatosha kuelewa mchezo mzima. Moja huitwa SnRK1, na huamka wakati wa njaa. Ikiamka, inasimamisha ujenzi na kuamuru akiba ivunjwe. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba inagusa jeni zipatazo 1000. Trehalosi-6-fosfeti ikiwa nyingi huibana SnRK1 katika sehemu changa zinazokua, yaani huiambia kwamba njaa haipo. Ya pili ni TOR, ambayo kazi yake ni kinyume: sukari ikiwepo, inaruhusu seli zigawanyike na protini zitengenezwe. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba glukosi inayotoka kwenye majani ya mche mchanga huiamsha TOR kwenye ncha ya mzizi, na hapo mzizi huanza kurefuka. Protini hizi zina ndugu zao hata mwilini mwetu. Jina la TOR lenyewe ni kifupi cha Kiingereza target of rapamycin, yaani shabaha ya rapamaisini, dawa iliyopatikana kwenye bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, mbali kabisa huko kwenye bahari ya Pasifiki.

Anayetaka kuona haya bila maabara aende kwa wakulima wa mboga wa bonde la Msimbazi, au kwenye tuta lolote la matembele uani, iwe Tabata au Mbagala. Rando likiachwa hutambaa tu, ncha ikitangulia, na yale macho yaliyo kwenye makwapa ya majani yamelala. Mama anapita asubuhi, anakata ncha zenye majani laini matatu manne, utomvu mweupe unamganda vidoleni, anafunga mafungu. Siku chache baadaye, chini kidogo ya pale kisu kilipopita, macho mawili au matatu yamevimba na kutoa vijani vyenye wekundu. Palipokuwa na ncha moja sasa pana matawi mawili, na fungu lijalo litakuwa nene zaidi.

Tangu miaka ya 1930 maelezo ya jambo hili yamekuwa homoni ya oksini. Ncha hutengeneza oksini, oksini hushuka kwenye shina na kuyazuia macho ya chini; kata ncha, kizuizi kinaondoka. Maelezo hayo bado yamo vitabuni na si uongo, ila yana tatizo la saa. Oksini hutembea taratibu, kama sentimita moja kwa saa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, akiwemo Christine Beveridge, walitangaza vipimo vyao vya njegere zilizokatwa ncha. Macho ya chini yalianza kukua hadi saa 24 kabla kiasi cha oksini kwenye shina la jirani yake hakijabadilika. Kilichowahi kufika ni sukari. Ncha ni mlaji mkubwa, na ikiondolewa, sukrosi iliyokuwa ikikimbilia kwake huelekea kwenye macho. Hata bila kukata chochote, mmea ulioongezewa sukrosi ulipunguza kazi ya jeni ya BRC1, ambayo ndiyo inayoyalaza macho, na macho yakaamka. Baadaye, mwaka 2017, ikaonekana kwamba trehalosi-6-fosfeti nayo hupanda ndani ya macho hayo baada ya ncha kukatwa.

Oksini haijafukuzwa kazi kwa hilo. Inabaki na usemi wake tawi linapoendelea kukua, na mwanga, maji na naitrojeni navyo vina usemi wake. Lakini kuna somo la mkono hapa kwa mwenye tuta: ukichuma ncha na majani yote makubwa kwa pamoja, umeondoa kizuizi na chakula kwa mpigo mmoja. Wale wanaoacha majani kadhaa yaliyokomaa chini ya mkato wanayaachia macho sukari ya kuamkia.

Usiku nako kuna hesabu yake. Dar es Salaam ipo karibu na ikweta, kwa hiyo tofauti kati ya siku yetu ndefu na fupi haifiki saa moja. Giza ni kama saa 12 mwaka mzima. Mchana jani huweka sehemu ya sukari kama wanga, na usiku huuvunja wanga huo kwa mwendo ulio sawa, kiasi kwamba alfajiri umebaki kidogo sana. Watafiti wa John Innes Centre, kituo cha utafiti wa mimea huko Norwich, Uingereza, waliijaribu Arabidopsis kwa kuizimia taa mapema kuliko ilivyozoea. Mimea haikuishiwa wanga katikati ya usiku. Ilipunguza mwendo usiku huohuo, kana kwamba imegawanya akiba iliyopo kwa saa zilizobaki hadi alfajiri. Hesabu hiyo haihitaji usiku uwe mrefu ndipo ifanye kazi: hata siku za masika, mawingu yakiziba jua kutwa na wanga ukiwa haba, mmea hupunguza matumizi ili ufike asubuhi.

Kuchanua maua nako kunasubiri ruhusa ya sukari. Mwaka 2013 kundi la watafiti nchini Ujerumani lilionyesha kwamba Arabidopsis iliyopunguziwa uwezo wa kutengeneza trehalosi-6-fosfeti huchelewa sana kutoa maua hata ikipewa urefu wa siku unaofaa. Inaeleweka: ua, tunda na mbegu ni gharama kubwa.

Basi, ukimwagilia mmea maji ya sukari utakua haraka? Ushauri huo unazunguka sana mitandaoni, na mimi siupendi. Sukari ukiimwaga kwenye udongo, wanaoiwahi ni bakteria na kuvu, ambao wakineemeka huzaliana na kuinyakua naitrojeni ambayo mizizi ingeitumia. Unapata sisimizi na mche wenye njaa. Maua ya kukatwa ndani ya chombo ni habari nyingine, kwa sababu hayana tena majani ya kutosha wala mizizi, na sukari kidogo pamoja na kitu cha kuzuia bakteria huyasaidia kweli.

Wanaotaka kuichezea mita yenyewe wamepita njia ngumu zaidi. Trehalosi-6-fosfeti ina chaji ya umeme na haipiti kwenye utando wa seli, kwa hiyo kuipulizia ilivyo hakusaidii. Matthew Paul wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted na Ben Davis wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, pamoja na wenzao, waliifunika kwa kemikali nyingine ili iweze kupenya, na kifuniko hicho huvunjwa na mwanga wa jua ikishaingia ndani. Mwaka 2016 walitangaza matokeo yao kwa ngano iliyokuzwa ndani ya majengo ya majaribio: punje ziliongezeka ukubwa hadi kufikia asilimia 20, kwa dawa iliyopulizwa wakati punje zinaanza kujaa. Hawakuongeza sukari yoyote ya maana kwenye mmea. Waliusomesha salio kubwa zaidi, nao ukavuta sukrosi zaidi kuelekea kwenye punje na kuigeuza wanga.