Teke la uwanjani halileti saratani ya mfupa

Novemba 1976 kijana wa Kanada, Terry Fox, aligonga gari lililokuwa mbele yake akatoka mzima, goti la kulia tu likimuuma. Machi 1977 akaambiwa ana osteosakoma, aina ya saratani ya mfupa, na mguu ukakatwa juu ya goti. Mwenyewe aliamini ajali ile ndiyo iliyolidhoofisha goti likapata ugonjwa. Madaktari wake walisema havihusiani.

Imani hiyo ipo hata kwetu: "Alipigwa teke mpirani, ndipo ugonjwa ukaanza." Hakuna ushahidi kwamba pigo huzaa saratani ya mfupa. Pigo humfanya mtu aliangalie goti lake, na uvimbe uliokuwemo kimyakimya ukagundulika. Tena osteosakoma huwapata zaidi vijana walio katika umri wa kurefuka haraka, hasa karibu na goti. Na kijana gani hajawahi kujigonga goti?

Sakoma ya Ewing, aina nyingine ya saratani ya mfupa, nayo ni ya watoto na vijana, na wakati mwingine huja na homa. Kondrosakoma, aina inayoanzia kwenye gegedu (ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa), huwapata zaidi watu wazima.

Maumivu ya kuumia kwa kawaida hupungua siku zikienda. Ya kutilia shaka ni yale yanayozidi, yanayomwamsha mtoto usiku wa manane. Au uvimbe unaokua, kuchechemea kusikoisha, mfupa kuvunjika kwa kujikwaa tu. Hapo msikimbilie kuchua. Nendeni hospitali mkaombe picha ya eksirei kwanza.