Fuata shamba lilivyotoka: maelezo kwa wanaotafuta babu wa kale wa Virginia

Marekani inatimiza miaka 250 ya uhuru wake Julai 4, 2026, na dawati letu la wasomaji wa nyaraka za kale limeelemewa. Maombi ya watu wanaotafuta mababu wa enzi za ukoloni wa Mwingereza yameongezeka, na safari hii si machache yanayotoka kwenye nyumba zinazozungumza Kiswahili: baba ametoka Tanga au Mombasa, mama ni mzaliwa wa Virginia, mtoto kapewa kazi ya shule ya kuchora ukoo wake. Maombi karibu yote yameandikwa namna moja, “Naomba hatimiliki ya babu yetu.” Malalamiko nayo ni yaleyale. Hati imetolewa, mtu ameisoma mwanzo hadi mwisho, na haikumwambia alichotaka.

Kabla ya kuendelea, ieleweke kwamba makala haya ni ya elimu tu. Hayathibitishi nasaba ya mtu yeyote wala hayampi mtu haki ya kudai ardhi. Nalitaja hilo la ardhi kwa sababu linaulizwa. Jibu ni hapana. Na nembo za ukoo hatuna. Ile yenye simba wawili na kofia ya chuma uliyouziwa mtandaoni haikutoka kwetu.

Tuanze na neno “planta,” ambalo mababu hao huitwa kwenye hati. Katika hati za karne ya 17, planta ni mtu yeyote aliyekuwa akilima kwa ajili yake, mara nyingi tumbaku, hata kama shamba lake lilikuwa ekari 50 na nyumba yake ya mbao ilikuwa na chumba kimoja. Jumba lenye nguzo nyeupe limekuja baadaye sana, na kwa wachache sana. Walikuwepo pia walioitwa planta wa kale, yaani waliofika kabla ya 1616 wakakaa miaka mitatu. Hao walipewa ekari 100 kila mmoja. Familia nyingi zinadai kutoka kwao, kuliko idadi yao inavyoweza kubeba.

Sasa, hiyo hatimiliki. Kuanzia 1618 koloni la Virginia lilitoa ekari 50 kwa kila mtu aliyelipiwa nauli ya kuvuka bahari. Hii ndiyo haki ya kichwa, na ekari hizo alipewa aliyelipa nauli. Utaratibu ulikuwa hivi: mwombaji alikwenda mahakama ya kaunti na orodha ya majina, akaapa, akapewa cheti. Cheti kilipelekwa kwa Katibu wa koloni, naye akaandika haki ya kupimiwa. Mpima ardhi wa kaunti akapima na kuandika mipaka. Karatasi zote zikarudi kwa Katibu, hatimiliki ikaandaliwa, Gavana akatia saini, na nakala ikaandikwa kwenye kitabu. Vitabu hivyo vinaanzia 1623, vimehifadhiwa Library of Virginia mjini Richmond, na picha za kurasa zake zinaonekana bure mtandaoni. Baada ya hapo mwenye shamba alidaiwa kodi ya pango la ardhi, shilingi 1 kwa kila ekari 50 kwa mwaka, na ndani ya miaka mitatu alitakiwa awe amejenga na kulima. Asipofanya hivyo, mtu mwingine yeyote aliruhusiwa kupeleka ombi na kuchukua ardhi ileile. Ndiyo maana shamba moja linaweza kuwa na hatimiliki mbili au tatu zenye majina tofauti, na hakuna aliyeghushi.

Makosa huanzia kwenye yale majina ya vichwa. Msomaji anamwona babu yake kwenye hati ya 1651, anaandika “alifika 1651.” Hati haisemi hivyo. Vyeti viliuzwa kama bidhaa, vikakaa kabatini miaka kumi. Nahodha alimwandikisha abiria, na aliyenunua mkataba wa utumishi wa abiria yuleyule akamwandikisha tena. Waafrika waliochukuliwa kwa nguvu nao walihesabiwa vichwa vya waliowanunua, hadi 1699.

Mfano ninaopenda kuutumia ni wa mtu ambaye wengi hawatarajii kumkuta kwenye kitabu cha mashamba. Katika hesabu ya watu ya mwanzoni mwa 1625, kwenye shamba la Bennett, yupo “Antonio,” mtu mweusi, aliyefika kwa meli iitwayo James mwaka 1621. Yupo pia Mary, aliyekuja kuwa mke wake, aliyefika 1622 kwa meli nyingine. Hawana jina la ukoo. Ukitafuta kwa jina la ukoo, umewakosa. Miaka 26 baadaye, ng'ambo ya Ghuba ya Chesapeake, katika Kaunti ya Northampton, Anthony Johnson anapewa hatimiliki ya ekari 250 kwa vichwa vitano. Tano mara hamsini, hesabu imekamilika. Lakini mmoja wa vichwa hivyo ni Richard Johnson, mtoto wake wa kumzaa! Anayesoma orodha ile kama orodha ya watumishi wapya kutoka ng'ambo ameshapotea.

Tunajuaje kwamba Antonio ndiye Anthony? Hatimiliki haitusaidii hata kidogo. Inayosaidia ni kumbukumbu ya mahakama ya 1653. Nyumba ya familia hii iliungua, wakaomba nafuu, na mahakama ikamsamehe Mary na binti zake wawili kodi ya kichwa maisha yao yote, ikitaja kwamba wameishi Virginia zaidi ya miaka thelathini. Toa thelathini kwenye 1653, unarudi karibu na miaka waliyofika Antonio na Mary. Wanawake weusi walikuwa wanatozwa kodi hiyo ambayo wanawake wazungu hawakutozwa, kwa hiyo bila sheria ile ya kibaguzi na bila moto ule tusingekuwa na karatasi. Nyaraka ndivyo zilivyo. Na asije mtu akamfanya Anthony malaika: mwaka 1655 alishinda kesi iliyomrudisha John Casor, Mwafrika mwenzake, kuwa mtumwa wake.

Katika kaunti hiyohiyo, miaka hiyohiyo, alikuwepo pia John Johnson mzungu, wakati Anthony alikuwa na mtoto aitwaye John. Mtu akikuletea mti wa ukoo uliopakuliwa mtandaoni, muulize amewatenganishaje hao wawili. Kimya kikizidi, rudisha mti.

Sasa ninafika kwenye jambo ambalo ningependa likumbukwe hata kama mengine yote yatasahaulika. Watu wanatafuta shamba lilivyoingia kwenye familia. Tafuta lilivyotoka. Hatimiliki inakupa mtu mmoja na eneo moja, basi. Kuondoka kwa shamba ndiko kunakokupa vizazi, kwa sababu anayeuza analazimika kueleza amelipataje.

Sababu ni ya kisheria. Virginia ilifuata utaratibu wa Kiingereza: mtu akifa bila wosia, ardhi yote ilikwenda kwa mwanawe mkubwa wa kiume, moja kwa moja, bila hati yoyote kuandikwa. Utaratibu huo ulikoma Januari 1787. Kwa hiyo shamba lingeweza kupita kwa baba, mwana na mjukuu, miaka themanini, na kwenye vitabu ukaona ukurasa mweupe. Wasomaji wanasema kumbukumbu zimepotea. Hazikupotea, hazikuandikwa. Lakini siku mjukuu anapouza, hati ya mauziano inaanza kusimulia: kipande hiki kilitolewa kwa babu yangu fulani kwa hatimiliki ya tarehe fulani, kikamwangukia baba yangu fulani kama mrithi wake. Vizazi vitatu kwenye mistari minne. Mwishoni, usifunge kitabu mapema, kuna maelezo kwamba mke wa muuzaji alihojiwa faragha kama anaachia kwa hiari haki yake ya ujane, ile theluthi. Mara nyingi ni hapo pekee utakapolikuta jina lake la kwanza.

Kwa akina Johnson tunaliona hilo kwa uchungu. Mwaka 1665 Anthony na Mary waliuza ekari 200, wakamwachia Richard 50 zilizobaki, wakahamia Kaunti ya Somerset, Maryland. Huko, watu huru hawa wakaandikwa tena kama vichwa, safari hii kwenye madai ya ardhi ya watu wengine. Anthony alikodi ekari 300, akafariki 1670. Mwaka huohuo baraza la wazee wa mahakama la Virginia likaamua kwamba, kwa kuwa alikuwa mweusi, alikuwa mgeni wa taifa jingine, na zile ekari 50 zikaishia kwa planta mzungu. Mwaka 1677 mjukuu wake, John, alinunua ekari 44 upande wa Maryland. Kule mashamba yalipewa majina, na jina linabaki hata wamiliki wakibadilika, kwa hiyo ni uzi mzuri wa kufuata. Shamba lake aliliita Angola.

Kuhusu kufananisha mashamba, jifunzeni kuchora. Hati haikupi namba ya kiwanja. Inasema anzia mwaloni mweupe kwenye kona ya fulani, nenda kaskazini-mashariki fito 120 hadi kijito, fuata kijito. Fito moja ni futi 16 na nusu, fito 320 ni maili, na ekari ni fito za mraba 160. Chukua karatasi ya kupitisha mwanga, rula na kipimapembe, chora shamba lako, kisha chora ya majirani wote waliotajwa. Yakiingiana kama vigae vya sakafu, umepata mahali, na umepata watu ambao babu yako aliozana nao, maana vijana wa wakati ule hawakwenda mbali kuposa. Kuanzia 1662 sheria iliwataka majirani wazunguke mipaka kila miaka minne na kuchanja upya miti ya alama, na taarifa zikaandikwa kwenye vitabu vya parokia. Aliyekulia Kilimanjaro, ambako mpaka ni masale na shahidi ni mzee wa jirani, hatahitaji somo hili.

Maneno ya undugu nayo yanawachanganya watu, jambo linalonishangaza kwa wasomaji wa Kiswahili. Sisi ambao mtoto wa kaka tunamwita mwanangu tunakasirika vipi tukikuta hati ya 1680 imemwita mpwa kwa neno linalotumika leo kwa binamu, au mtoto wa kambo kwa neno la mkwe? “Mkubwa” na “mdogo” baada ya majina mawili yanayofanana ziliwatenganisha watu wawili wa eneo moja. Huenda ni baba na mwana, huenda ni ami na mpwa, huenda hawajuani.

Tarehe vilevile. Hadi 1752 mwaka mpya ulianza Machi 25, hivyo Februari 1623 ya hati ni Februari 1624 yetu, na ndiyo maana utaona imeandikwa 1623/24. Ni kama saa: anayejua kwamba saa mbili asubuhi mshale unaonyesha nane hatalalamika kwamba saa ni mbovu. Tafadhali msiandike kwenye fomu kwamba mtoto alifariki kabla ya kuzaliwa.

Kaunti kadhaa hazina vitabu vyake vya zamani. Kumbukumbu za James City na za Mahakama Kuu ya koloni zilikuwa Richmond mji ulipoungua Aprili 1865. Hapo tegemea kilichohifadhiwa kwingine: vitabu vya hatimiliki, orodha ya walipa kodi ya ardhi ya 1704, na orodha za kodi kuanzia 1782 ambazo nakala zake zilipelekwa serikalini. Ardhi iliyo kati ya mito Potomac na Rappahannock ina vitabu vyake peke yake. Northampton, kinyume chake, ina kumbukumbu za mahakama zisizokatika tangu 1632, na ndiyo sababu habari za akina Johnson zimetufikia.

Kwa wale ambao planta wanayemtafuta ndiye aliyewamiliki mababu zao, njia ni hiyohiyo ila macho yaelekee kwingine: wosia, na orodha ya mali ya marehemu iliyoandikwa na wasimamizi wa mirathi. Majina ya watu yapo kati ya majina ya ng'ombe na idadi ya masufuria. Sheria ya 1662 ilimfanya mtoto afuate hali ya mama, huru au mtumwa, hivyo fuata mama na watoto, angalia waligawiwa mrithi yupi, kisha mfuate mrithi huyo hadi kwenye shamba lake. Tunatoa kiti cha pembeni kwa anayehitaji kusoma orodha hizo polepole.

Mwisho, chumba cha kusomea. Penseli tu. Kalamu ya wino, hata ikiwa imefungwa, inaachwa kabatini pamoja na mkoba, koti na chupa ya maji. Kitabu kinawekwa juu ya mto wa sponji, hakinyanyuliwi, na ukurasa haufuatwi kwa kidole. Kuandika juu ya waraka, kuukata au kuuchana makusudi ni kosa la jinai chini ya sheria ya Virginia, adhabu yake ni kifungo cha hadi miezi 12, faini ya hadi dola 2,500, au vyote viwili. Kutoka nao ni wizi, na hushughulikiwa kama wizi. Mwaka jana msomaji mmoja, mtu mzima na mpole kabisa, alipiga mstari kwa wino chini ya jina la babu yake “ili wajukuu waone.” Babu mwenyewe alitia alama ya X tu, na X hiyo sasa ina wino wa aina mbili.

Kwenye fomu ya maombi andika kaunti, jina la mto au kijito kilicho karibu, majina ya majirani uliyonayo, na mtu wa mwisho katika ukoo ambaye una karatasi yake mkononi. Fomu isiyo na jina la kaunti inarudishwa kwa aliyeituma.