Gari "kula oili" maana yake nini?

Fundi anachomoa kijiti cha oili, anakifuta kwa kitambaa, anakirudisha, anakichomoa tena: kikavu. Anachungulia chini ya gari. Hakuna tone, gasketi hazijalowa. Hapo ndipo anaposema gari linakula oili. Anamaanisha kwamba oili inapenya hadi ndani ya silinda, inaungua pamoja na petroli na kutokea kwenye ekzosi.

Kula kidogo si ugonjwa. Ukuta wa silinda lazima ubaki na utando mwembamba wa oili, la sivyo pistoni itaukwaruza, na sehemu ya utando huo huungua tu. Ubishi uko kwenye kiasi. Vitabu vya magari ya Volkswagen vimewahi kuandika kwamba hadi nusu lita kwa kilomita 1,000 ni kawaida. Kwa mtu anayemwaga oili kila kilomita 5,000, hiyo ni lita mbili na nusu, wakati injini nyingi ndogo hubeba kama lita nne tu. Mimi "kawaida" ya namna hiyo siikubali.

Kwa nini injini za kisasa hula oili? Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu huziba kompresheni. Ya chini hukwangua oili ukutani na kuirudisha kwenye sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, kupitia matundu madogo ya pistoni. Ringi ikibana sana, msuguano unapanda na petroli inaliwa zaidi. Watengenezaji, wakisukumwa na sheria za moshi na matumizi ya mafuta, wakafanya ringi ziwe nyembamba na zibane kidogo, na oili nayo ikawa nyepesi, kama 0W-20. Petroli ikaokolewa kweli. Ila masizi yakiziba yale matundu, ringi dhaifu inaganda kwenye mfereji wake, oili inabaki ukutani, inaungua, na masizi yanazidi. Anayechelewa kumwaga oili anaharakisha haya yote.

Mfano tulio nao barabarani ni injini ya Toyota 2AZ-FE, ile ya lita 2.4 iliyomo kwenye Harrier, Alphard na Vanguard nyingi za Dar na Nairobi. Mwaka 2011 Toyota ya Marekani iliwapa mafundi wake waraka kuhusu injini hiyo kwenye Camry za 2007 hadi 2009 na magari mengine. Gari lijazwe oili, liendeshwe maili 1,200, yaani karibu kilomita 1,900. Likipoteza karibu lita moja, lifungwe pistoni na ringi zilizorekebishwa. Pistoni pia, si ringi peke yake.

Si kila mara kosa ni la ringi. Moshi wa bluu ukitoka asubuhi unapowasha kisha ukapotea, shuku sili za vali, zile zinazozuia oili isipenye kwenye vali. Ukitoka unapokanyaga mafuta, rudi kwenye ringi, au turbo kama ipo. Na usitulie kwa sababu huoni moshi: masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, yanaweza kuuficha.

Wengi huponzwa na taa. Ile nyekundu yenye alama ya birika, kwenye magari mengi, haipimi kiasi cha oili bali presha. Ikiwaka, huenda pampu imeshaanza kuvuta hewa, na injini inaweza kunoki kabla hujafika gereji.

Kwa hiyo pima mwenyewe. Gari likiwa limepoa mahali tambarare, jaza hadi alama ya juu, andika kilomita, kisha rudia kila kilomita 500. Kwenye magari mengi, kutoka alama ya juu hadi ya chini ni kama lita moja. Oili nzito inaweza kupunguza ulaji, lakini haitanasua ringi iliyoganda. Na ukiambiwa ununue injini ya mtumba, uliza kwanza imetoka kwenye gari la mwaka gani, maana inaweza kuwa na pistoni zilezile.