"Kupokea teknolojia" maana yake nini kwa mkulima wa mboga za asili?

Taarifa za kilimo hazikosi maneno "kiwango cha upokeaji wa teknolojia". Ukiyasoma haraka utadhani ni habari ya kupewa kitu: mbegu zimegawiwa kijijini, akina mama wametia saini, basi teknolojia imepokelewa. Aliyegawiwa amegawiwa tu. Tunasema amepokea pale anapoitumia kwa hiari yake na kwa pesa yake, msimu hadi msimu, mradi ukishafunga virago. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; teknolojia ambayo haijapewa jembe bado ni mgeni.

Teknolojia yenyewe si lazima iwe mashine. Kwenye mchicha, mnavu, mgagani, bamia au nyanya chungu, inaweza kuwa mbegu iliyoboreshwa, kama mchicha wa Madiira uliotoka Arusha. Inaweza kuwa kusia kitaluni na kupandikiza kwa mistari badala ya kutawanya mbegu tutani, au kutandaza nyasi, au mipira ya matone, yaani yenye vitundu vinavyodondosha maji shinani. Mara chache mtu huchukua vyote. Mama anayelima bonde la Lukuledi akichukua mbegu na kuacha mistari, naye amepokea, ila kwa sehemu.

Kwa nini kimoja kishike na kingine kikwame? Mwaka 1962 Mmarekani Everett Rogers, mtafiti wa namna mambo mapya yanavyoenea, alitaja mambo matano: kitu kipya kiwe na faida kuliko cha zamani, kiendane na maisha ya watu, kisiwe kigumu, kijaribike kidogo kidogo, na matokeo yaonekane. Hilo la mwisho watu wa Mtwara wanalijua kwa salfa, dawa ya kupuliza mikorosho. Mkorosho usiopulizwa ukipatwa na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, maua hukauka yakawa meusi, na jirani anaona akiwa njiani. Halafu korosho huleta pesa ya mkupuo. Mchicha huuzwa fungu kwa fungu. Mafungu mawili zaidi kwa wiki yanaishia kwenye chumvi na sabuni, nani atayaona?

Kuna na maji. Huko juu Newala na Tandahimba, shida ya maji ni ya miaka mingi. Mche uliopandikizwa unataka kumwagiliwa mpaka ushike, na ndoo inakaa kichwani kwa mtu. Mipira ya matone hupunguza maji, lakini inataka tangi lililoinuliwa na maji yaliyochujwa, la sivyo vitundu vinaziba. Anayekataa hapo mara nyingi huitwa mbishi. Mimi naona amepiga hesabu, tena bila kalamu.

Kuhesabu waliopokea nako kuna mtego. Mchicha wa Madiira si chotara: ukiacha mashina machache yakomae, unapata mbegu ya msimu ujao na ya kumpa shemeji. Mwaka wa pili mama huyo haonekani tena dukani. Ukiuliza daftari la muuza pembejeo litakwambia ameacha, na huku bustani yake na ya shemeji zote mbili zimejaa mchicha uleule.