Je, wajua kwa nini mawe ya Mwanza yenye mionzi hayamdhuru anayeyakalia?

Jiwe la Bismarck pale majini, na majabali yaliyobeba nyumba za Igogo na Mabatini, mengi ni ya jamii ya graniti. Graniti huwa na urani na thori kidogo, metali ambazo ni nururifu (yaani hutoa mionzi), pamoja na potasiamu ambayo sehemu yake ndogo sana ni nururifu pia. Kwa hiyo ndiyo, yana mionzi. (Joto unalolisikia ukikalia jiwe jioni si hiyo mionzi, ni jua la mchana.)

Watu hushtuka zaidi wakiambiwa kwamba urani-238, aina kuu ya urani, huchukua miaka bilioni 4.5 kupungua kwa nusu. Kitu kinachotoa mionzi miaka yote hiyo, husema, si kitaua ukoo mzima? Mambo ni kinyume. Atomi nururifu hutoa mionzi pale tu inapovunjika na kugeuka atomi nyingine. Ikiwa bado inangoja, haitoi chochote. Urani hudumu kwa sababu karibu atomi zake zote zinangoja.

Chukua wauza dagaa wawili pale Mwaloni Kirumba, magunia yao yako sawa. Wa kwanza, kila baada ya saa mbili, kauza nusu ya alichobakiwa nacho. Wa pili atahitaji mwaka mzima kufikisha nusu gunia. Msongamano na kelele viko kwa yupi? Kwa wa kwanza, ambaye kesho utamkuta anakung'uta gunia. Iodini-131, inayotumika hospitalini kutibu tezi ya shingo, ndiye huyo: nusu yake huisha kwa siku 8. Atomi zikiwa idadi sawa, yenyewe huvunjika kwa kasi mara bilioni 200 hivi kuliko urani-238.

Kasi si hesabu yote. Aina ya mionzi, na kama chanzo kiko nje au ndani ya mwili, navyo vina uzito. Na ndani ya mwili wa mtu mzima atomi za potasiamu zaidi ya 4,000 huvunjika kila sekunde, hivyo jiwe nalo lina haki ya kulalamika kukaliwa.

Cha kuangalia ni radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayozaliwa urani inapovunjika hatua kwa hatua. Nje hupeperushwa na upepo wa ziwa. Katika chumba kilichofungwa, juu ya mwamba wenye nyufa, huweza kurundikana, na kuivuta kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya mapafu, hasa kwa mvuta sigara. Kiasi chake hutofautiana nyumba na nyumba, hata za mtaa mmoja, na hakijulikani bila kipimo. Madirisha yakifunguliwa, hupungua.